Ruhusa ya Saa Sita

Karatasi niliikuta mfukoni mwa suruali ya kitani,
imefuliwa pamoja nayo, pembe zimekuwa uji,
lakini picha ya katikati ilisalia:
kilima, na chini ya kilima mnazi uliopinda
ambao ulinivunja mkono nikiwa darasa la tano.
Mtu alikuwa ameuzungushia duara kwa kalamu.
*Mashambani. Saa nne. Chakula ndani ya bei.*
Nikaianika juu ya bomba la mvuke,
nikarudi kwenye mashuka.

Asubuhi tukafunga gati Kilindini.
Juu, sitaha ya tisa, wageni wanachagua:
Tsavo ni dola mia tatu, ndovu wekundu, na kurudi umelala basini;
Shimba ni nusu yake, na palahala akijitokeza;
mmoja anauliza mara ya tatu kama njiani kuna choo.

Chini, sitaha ya pili, nasi tunachagua.
Rodel anataka tuchange teksi, twende Diani
tukalale mchangani kama watu.
Msimamizi ananiambia basi la Shimba linatafuta mbeba miavuli:
kiti cha bure, kiyoyozi, fulana nyeupe,
ila usiende mbali na basi.

Usiende mbali na basi!
Nipite mlangoni kwetu na miavuli kumi na minne kifuani,
nimpungie mama kwa kiwiko?

Nikachagua miguu.

Saa sita nilipewa, tatu asubuhi hadi tisa.
Nilizigawa kama mwenye samaki mmoja na watoto saba:
nusu saa mpaka Likoni,
feri, Mungu ndiye ajuaye,
pikipiki mpaka Matuga, dakika ishirini dereva akiwa mwendawazimu,
arubaini akiwa na akili zake.
Kurudi ni vivyo hivyo, uongeze hofu.
Zinabaki kama saa tatu.
Miezi kumi na moja, na saa tatu.

Ng'ambo, kijana mwenye koti la baridi juani
alinitazama viatu akataja bei ya mgeni.
Nikamjibu kwa Kidigo.
Bei ikashuka nusu, kasi ikapanda maradufu,
na njia nzima akawa ananiuliza kama melini kuna kazi.

Lakini basi lilikuwa limeshatangulia.
Limepitia Dongo Kundu, daraja kwa daraja,
halikungoja feri ya mtu.
Limeegeshwa njiapanda, mlango wazi, linanguruma,
na wote wameizunguka karai ya mama.

Nyuso sikuzijua. Nyuso hazifiki sitaha ya pili.
Niliyajua mashati:
lile la mistari, doa la kahawa kolani, tulipigana nalo Jumanne nzima;
lile la waridi, kifungo cha tatu nimekishona mimi kwa uzi usiofanana;
na ile suruali ya kitani,
mkono mfukoni, unatafuta karatasi.

Mama aliniona. Hakupiga ukelele.
Mwiko ukabaki hewani, mafuta yakidondoka,
macho yakiniuliza: *uko kazini, au umekuja?*

Mwenye kitani akanigeukia mimi,
mwenyeji asiyekuwa na kitu mkononi.
"Hapa kuna nini kingine cha kuona?"

Ningeweza kumwonyesha.
Kisima. Kaburi la baba, lenye kigae cha sahani kichwani.
Mnazi wake wenyewe, aliouchora duara,
hatua sitini nyuma ya choo chetu.

Nikatazama saa.
Nikanyoosha kidole kilimani, mbali, mbali kabisa.
"Palahala," nikasema. "Saa hizi ndipo hutoka. Wahini."

Wakapanda mbio, mashati yangu yote.
Vumbi likachukua muda wake kutua.

Mama akaegesha mwiko ukingoni mwa karai.
"Umekonda," akasema,
akanishika ule mkono uliovunjika, akaupima kwa vidole.
Kisha akatazama barabara.
"Na wale uliowafukuza, mwanangu,
mahamri yangu hawajayalipa."